Wa Juu na Wa Chini: Siku Sita Kwenye Reli ya Akina Gumm

Siku ya kwanza, Ijumaa. Grand Rapids, Minnesota

Nimeondoka Minneapolis alfajiri kwa gari la kuazima, nikashika njia ya kaskazini. Ni kilomita zipatazo 290 za misitu na maziwa, kisha misitu tena, hadi unaingia mji mdogo wenye kiwanda cha karatasi, ambako mto Mississippi bado ni mwembamba kiasi kwamba mtu wa ng'ambo unaweza kumsalimia akakuitikia. Hapa ndipo alipozaliwa Frances Ethel Gumm, tarehe 10 Juni 1922. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Judy Garland.

Niseme mapema kwa nini nimechukua likizo ya wiki nzima kumfuata mtu aliyefariki mwaka 1969. Mimi nimekulia jukwaani. Babangu na ami zangu wawili walikuwa na kikundi cha sarakasi Mombasa, wakitumbuiza watalii kwenye hoteli za ufukweni, na mimi tangu umri wa miaka sita nilikuwa "wa juu": yule mtoto anayepanda mapaja na mabega ya watu hadi kileleni mwa piramidi, akasimama, akafungua mikono, akatabasamu. Baba alikuwa wa chini. Sasa niko Marekani mwaka wa kumi na nne, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Niliposoma kwamba mwezi Juni 1926 akina Gumm, baba, mama na mabinti watatu, walipanda treni kwenda magharibi wakiimba mji baada ya mji, nikasema reli hiyo lazima niipande.

Nyumba yao ni ya mbao, nyeupe, ya ghorofa moja juu. Ilihamishwa kutoka kiwanja chake cha zamani, na sasa ni makumbusho. Baba mtu, Frank Gumm, mwimbaji mwenye asili ya Tennessee, aliendesha sinema ya mji, New Grand. Mama mtu, Ethel, alipiga piano filamu bubu zikiendelea. Kati ya filamu na filamu kulikuwa na nyimbo, na wakubwa wawili, Mary Jane na Virginia, walishaanza kupanda jukwaani. Tarehe 26 Desemba 1924 ikafika zamu ya mdogo. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Aliimba "Jingle Bells", akamaliza, akaanza upya, akamaliza, akaanza tena, watu wakicheka na kupiga makofi, mpaka ikabidi abebwe kutolewa.

Wengi huja hapa kwa habari ya viatu vyekundu alivyovaa kwenye filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Jozi moja iliibwa kwenye makumbusho haya mwaka 2005, ikapatikana mwaka 2018, na Desemba 2024 ikapigwa mnada kwa dola milioni 28, ambazo pamoja na ada zilifika milioni 32.5. Mimi kilichonishika ni ngazi za ndani. Zina kituo kidogo kabla ya kupinda, na mtoto akisimama pale sebule yote inakuwa chini yake. Nilisimama mbele ya ngazi zile muda mrefu. Mtoto wa miaka miwili anayekataa kushuka jukwaani hajalazimishwa na mtu. Hilo nataka liwekwe mwanzoni, kwa sababu huko mbele mambo yatabadilika, na watu wakisimulia mabadiliko hayo husahau kwamba mwanzoni ilikuwa raha. Nami ilikuwa raha. Ukiwa na miaka sita ukaona watu wazima mia wamenyamaza kwa ajili yako, hiyo ni sukari ambayo haina mfano.

Jioni nimerudi hadi Saint Paul. Treni inaondoka usiku.

Siku ya pili, Jumamosi. Dakota Kaskazini hadi milima ya Montana

Niliamka maji yakiwa pande zote mbili za reli. Nilidhani naota. Ni Devils Lake, ziwa lililopanda miaka na miaka hadi tuta la reli likabidi linyanyuliwe. Mji wa jina hilo hilo ni kati ya ile ambayo akina Gumm walitumbuiza. Kutoka hapo kuna Havre, Shelby, Kalispell na Whitefish huko Montana, kisha Leavenworth na Cashmere ng'ambo ya milima. Treni yangu, Empire Builder, ilianza mwaka 1929, kwa hiyo wao walipanda iliyoitangulia ya kampuni ya Great Northern. Mwezi huo huo wa Juni, Frances alitimiza miaka minne.

Wazazi walijiita Jack na Virginia Lee. Frank aliimba, Ethel akapiga piano, kisha mabinti wakawa na zamu yao. Ethel ndiye aliyepanga nyimbo, ndiye aliyeshona nguo. Nawaza tu: mama wa watoto watatu, masanduku ya nguo za jukwaani, chumba cha hoteli cha usiku mmoja, kufua, kupiga pasi, kuchana nywele vichwa vitatu, kisha kukaa kwenye piano ambayo hajui kama imewekwa sauti. Mamangu naye alishona nguo zetu, za njano na nyeusi, kwenye cherehani ya miguu, na kila zilipochanika magotini alizitia kiraka cha umbo la nyota ili kiraka kionekane ni pambo.

Kwa asiyejua vodevili ni nini: kabla ya redio na filamu za sauti, hii ndiyo ilikuwa burudani kuu ya Mmarekani wa kawaida. Unalipa kiingilio, unaona zamu nane au tisa usiku mmoja: mwimbaji, mchekeshaji, mbwa waliofunzwa, mwana mazingaombwe, ndugu wanaocheza ngoma ya viatu. Majumba yaliungwa kama shanga kwenye uzi mmoja. Mashariki ilitawala kampuni ya Keith-Albee, magharibi Orpheum, na msanii mwenye mkataba alisafirishwa kutoka shanga hadi shanga kwa wiki arobaini au zaidi. Majumba makubwa yalifanya maonyesho mawili kwa siku. Madogo yalifanya matatu, manne, hata matano. Nyota alipewa zamu ya kabla ya mwisho. Na waliofungua? Sarakasi, au wanyama, kwa sababu watu walikuwa bado wanaingia na kutafuta viti, na zamu isiyo na maneno haiharibiwi na kelele. Niliposoma hilo mara ya kwanza niliumia, maana hotelini sisi pia tulikuwa wa kufungua, wageni wakiwa bado wanajipakulia chakula, na vijiko vya chuma kwenye sinia ndivyo vilikuwa muziki wetu.

Montana ni pana hadi macho yanachoka. Havre tulisimama kwa muda, nikashuka kunyoosha viungo. Kando ya stesheni wamehifadhi kichwa cha treni ya mvuke ya Great Northern, cheusi, kikubwa kuliko nyumba yetu ya Kisauni. Niligusa gurudumu lake. Limenipita urefu.

Mchana, uwanda ukijirudia dirishani, nimekuwa nikimfikiria mtoto mwingine wa vodevili, Buster Keaton, aliyezaliwa Kansas mwaka 1895. Wazazi wake walikuwa na zamu ya vurugu: mtoto anamchokoza baba, baba anamrusha. Walimshonea mshiko wa sanduku mgongoni ili arushike vizuri, akirushwa kwenye mapazia, shimo la wanamuziki, hata kwa watazamaji. Watetezi wa watoto wa New York waliwaandama mara kwa mara. Mwenyewe hadi uzeeni alisema hakuumia, kwa sababu alijua kuanguka. Namwamini. Nami nilifundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kusimama: kidevu kifuani, mkono usitangulie, mgongo uwe mviringo kama mkate wa mofa. Lakini najua pia kwamba mtoto aliyefundishwa kuanguka vizuri hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kutosema palipomuuma.

Jua lilitua saa tatu na nusu usiku, treni ikipanda milimani karibu na Glacier. Behewa la vioo lilijaa watu na kila mtu alikuwa kimya. Hapo nikakumbuka siku ya homa.

Nilikuwa na miaka minane. Niliamka natetemeka, mama akanifunika leso mbili na bado. Ilikuwa Desemba, msimu wa wageni, hoteli imejaa. Hakuna aliyenitisha. Ami mkubwa alisimama mlangoni, akanitazama, akasema, "Wageni washafika." Basi. Nikainuka mwenyewe, nikavaa. Piramidi bila wa juu ni watu waliopandana tu, na hilo nililijua kama nilivyojua jina langu. Nakumbuka nilipokuwa kileleni kila taa ilikuwa na pete ya rangi. Nilifungua mikono, nikatabasamu. Niliposhuka nikatapika nyuma ya jiko. Usiku ule hoteli ilimpa baba nusu ya malipo, wakamwambia nusu nyingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ule haukufika mpaka leo.

Siku ya tatu, Jumapili. Seattle

Asubuhi tulipita Leavenworth, kisha giza refu la handaki la Cascade, kilomita 12 na zaidi, lililofunguliwa mwaka 1929. Ukitoka upande wa pili miti imekuwa mirefu na kila kitu kimelowa.

Seattle ni mji wa familia nyingine, akina Hovick. Rose Hovick alikuwa na mabinti wawili. Mdogo, June, alisimama kwenye ncha za vidole akiwa bado mchanga kabisa, na mama akaona mustakabali wote pale pale. Akamtembeza nchi nzima kama Baby June, kisha Dainty June, akizungukwa na wavulana waliovaa kama wauza magazeti. Mkubwa, Louise, hakuwa na kipaji cha kuimba wala cha kucheza, akavishwa suruali akawa mmoja wa wavulana. Kwenye mzunguko wa Orpheum, June alipokuwa juu kabisa, zamu yao ililipwa dola 1,500 kwa wiki.

Jambo la akina Hovick linalonikaa moyoni ni vyeti. Sheria za miji mingi zilizuia watoto wadogo kufanya kazi jukwaani, na New York ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Rose akawa na vyeti kadhaa vya kuzaliwa kwa mtoto mmoja: kimoja cha kuonyesha maofisa, kingine cha kulipia nauli nusu. June alikua bila kuijua siku yake ya kuzaliwa. Mwaka 1928, bado msichana mdogo, alitoroka na kijana mmoja wa kikundi wakaoana. Louise akabaki na mama, vodevili ikiporomoka, akaja kuwa Gypsy Rose Lee wa maonyesho ya kuvua nguo. June naye akawa mwigizaji mashuhuri, June Havoc, akafariki mwaka 2010.

Alasiri nilitembea hadi Moore Theatre, mtaa wa Second na Virginia. Ulifunguliwa mwaka 1907 na bado unafanya kazi. Nilizunguka ubavuni kuutafuta mlango wa pembeni, ule uliopeleka watu weusi kwa ngazi zao peke yao hadi roshani ya juu kabisa, wasichanganyike na wenzao ukumbini. Nilisimama pale na ngozi yangu hii. Wasanii weusi walikuwa na mzunguko wao, TOBA, wenye malipo duni na safari ngumu, na watoto wao walikulia humo humo. Wanaonifariji ni ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Wazazi wao waliongoza bendi ya ukumbi wa Standard huko Philadelphia, na Fayard, akiwa kiti cha mbele siku baada ya siku, alijifunza kucheza kwa kutazama tu, akaenda nyumbani akamfundisha mdogo wake. Hakuna mwalimu, hakuna shule. Hata leo ukiona walivyoruka ngazi na kutua wamepasua miguu, mtu wa sarakasi unashika kinywa.

Siku ya nne na ya tano, Jumatatu na Jumanne. Kusini kuelekea Los Angeles

Safari ndefu ya siku mbili kwa treni moja: msitu wa Oregon, usiku, kisha bahari. Nimelala sana. Jirani yangu wa kiti, bibi mmoja mpole, alinipa tufaha.

Tuliingia California usiku, nami nikamkumbuka Jackie Coogan, mtoto wa wasanii wa vodevili aliyekuwa nyota wa filamu akiwa na miaka sita. Alipofikia utu uzima akauliza ziko wapi fedha zake. Mamilioni. Mwaka 1938 ikabidi amshtaki mamake na babake wa kambo, na mwisho alitoka na dola 126,000. Mwaka 1939 California ikatunga sheria inayobeba jina lake, na leo asilimia 15 ya pato la mtoto msanii lazima iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa mpaka akue. Nimelifikiria sana hili. Kwetu hakukuwa na fedha ya kuwekwa. Nilicholipwa nilikila mezani pamoja na ndugu zangu, na ada ya shule ilitoka humo humo, kwa hiyo siwezi kusema niliibiwa. Ila hakuna aliyewahi kuniambia, "Hii nyama umeinunua wewe." Ningependa kuambiwa.

Na Ethel? Judy alipokuwa mtu mzima alisimulia kwenye mahojiano kwamba mama alikuwa akisimama pembeni mwa jukwaa na, mtoto akisema anaumwa, anamtisha: nenda ukaimbe, la sivyo nitakuzungusha kwenye nguzo ya kitanda. Watu wengi wanaishia hapo, wanamhukumu mama, wanafunga daftari. Mimi simtetei. Kumpandisha mtoto mgonjwa ni kosa, iwe kwa vitisho au kwa neno moja mlangoni. Lakini ninaona pia wenye hoteli, wenye kumbi, wenye studio, waliokula zaidi na hawakusimama pembeni mwa jukwaa kuonekana. Mwaka 1934 Ethel aliwapeleka mabinti Chicago kwenye maonyesho ya dunia, wakaimba kwenye mkahawa uliofungwa bila kuwalipa stahiki zao. Wakaangukia zamu kwenye ukumbi wa Oriental, ambako George Jessel, mwenyeji wa onyesho, aliona jina Gumm linachekesha watu, akawapa Garland. Kufikia hapo vodevili ilikuwa inakata roho: jumba la Palace la New York, kilele cha kila msanii, lilishageukia filamu tangu mwaka 1932. Ethel alikuwa akiikimbiza treni iliyokwisha kuondoka. Alikufa Januari 1953, kwenye maegesho ya magari ya kiwanda cha ndege huko Santa Monica, akienda kazini, yeye na bintiye wakiwa hawaelewani.

Siku ya sita, Jumatano. Lancaster, California

Kutoka Los Angeles treni ya abiria wa kila siku hupanda milima kwa saa mbili na kitu, ikakushusha jangwani. Baada ya ziara ile ya 1926 akina Gumm walihamia California kwa kudumu, na mwaka 1927 Frank akachukua sinema ya hapa Lancaster. Ethel akawa anawapakia watoto garini kila alipopata nafasi, kilomita zaidi ya 100 kwenda Los Angeles na nyingine kurudi, masomo ya dansi, majaribio, maonyesho. Frank alibaki na sinema yake. Umbali ule uliipasua nyumba.

Upepo wa hapa hauna adabu. Unabeba mchanga unauweka mdomoni. Nilitembea mtaa mkuu mara mbili, nikarudi stesheni kutafuta kivuli.

Septemba 1935 studio ya MGM ilimpa Frances, sasa Judy, mwenye miaka 13, mkataba wa dola 100 kwa wiki. Miezi miwili baadaye Frank alilazwa, homa ya uti wa mgongo. Usiku wa tarehe 16 Novemba binti aliimba redioni, na akaambiwa kwamba wameweka redio kando ya kitanda cha babake. Akaimba akijua anasikilizwa na mtu asiyeweza kumwona. Frank alifariki siku iliyofuata.

Niliangalia saa. Saa tano asubuhi kwangu, saa tatu usiku Mombasa. Nikapiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi, mbona upepo hivyo?"

"Jangwani."

Akacheka. Nikamwuliza hali, nikamwuliza mguu, nikamwuliza mama. Kisha nikamwuliza kile ambacho miaka thelathini sijakiuliza: "Baba, ile siku nilipokuwa na homa, ulijua?"

Nilisikia taarifa ya habari ikisomwa nyuma yake, kisha ikapunguzwa sauti.

"Nilijua. Ulikuwa watetemeka, mtetemo ulishuka kwa ami zako mpaka mabegani mwangu. Nikajua. Nikasema moyoni, Mungu wangu, dakika moja tu, dakika moja." Akakohoa. "Ilikuwa si haki. Nilipaswa kukuacha ulale."

Sikuweza kusema kitu. Akaendelea mwenyewe.

"Wajua, mimi sijapata kukuona kule juu. Hata siku moja. Wa chini haangalii juu, akiangalia shingo inalegea, mnaanguka nyote. Nilikuwa natazama ukuta wa jiko tu. Watu wakipiga makofi, ndipo najua umefika."

Stesheni haikuwa na mtu ila mzee mmoja kwenye benchi la mbali, kofia machoni. Nikamwambia baba ngoja. Nikawasha picha, nikaiegemeza simu kwenye mkoba juu ya benchi, nikavua viatu. Nikapanda benchi la pili. Saruji lake lilikuwa la moto, nikasogeza nyayo mpaka nikapata pa kukanyaga. Nikasimama. Nikafungua mikono.

Uso wake ulikuwa mdogo kwenye kioo, ameisogeza simu karibu sana, nikaona paji na miwani tu. Alikaa kimya muda.

"Goti la kushoto," akasema. "Linyooshe."